Kamba za Rufaa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kamaliza kunipima. Nikamwuliza moyo wangu umebakiza nini. Hakunijibu mimi. Alimgeukia binti yangu, akajibu kule, kwa sauti ya chini, kama watu wanaojadili mtoto aliyefeli. Basi nikajua.

Haya. Kama ni kukiri, bora nikiri sasa, kabla dawa hazijanivuruga akili. Nimekalia kiti cha hakimu zaidi ya nusu ya maisha yangu, nikidanganywa na watu wa kila aina, wengine kwa ufundi mkubwa. Sasa zamu yangu. Kosa lenyewe ni hili: sioni.

Si kipofu — hapana. Katikati ya kila kitu kuna doa, kama mtu kanipaka masizi kwenye miwani. Pembeni ndiko kuliko na nuru. Mlango nauona nikitazama dirisha. Watu nawajua kwa sauti na kwa mwendo. Rangi zimenitoroka, zimebaki kama nguo iliyofuliwa kupita kiasi. Ndiyo maana naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za bango la dukani, maneno machache kila ukurasa. Humu nyumbani hakuna anayejua. Nimewaficha wote, na sijutii. Wakijua watanitoa Rufaa.

Rufaa ni mashua yangu. Niliinunua nilipostaafu, nikaipa jina hilo kwa sababu ndani yake hakuna mahakama iliyo juu yangu. Ukoo mzima ulicheka. Tanga kubwa, tanga dogo la mbele, na mimi. Imekaa pwani juu ya trela tangu nianze kuugua.

Nimemwambia binti: nataka kutoka majini mara moja tu kabla sijalala moja kwa moja, na kamba nitazishika mwenyewe. Zilizopo zimeliwa na jua, nitanunua mpya. Akasema, "Tutaona, Mama." Katika nyumba hii "tutaona" maana yake hapana. Kwangu mimi ni ndiyo ambayo haijagongwa muhuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimeteka nyara teksi! Binti alikuwa kazini. Nikaenda duka la vifaa vya vyombo vya majini, lile lenye ngazi za mawe zisizomwonea huruma mtu. Nilipumzika katikati yake, nikajifanya namsubiri mwenzangu.

Muuza kamba ana maneno mengi. Kabla sijakaa alishaniambia kwamba siku hizi watu hawahangaiki, wanakwenda kwa rangi. Nyekundu ya kupandishia tanga, bluu ya kulivutia, na kadhalika. Akanisogezea kalenda yenye picha ya mashua, kila kamba na rangi yake. Nikasema nzuri sana. Ingekuwa picha ya ng'ombe ningesema vilevile.

Nikamwambia: nipe mkononi.

Kwanza kaniletea nailoni. Nikaikanyaga mwisho mmoja, nikavuta. Ikarefuka kama ulimi wa kinyonga. Nailoni ni ya nanga, nikamwambia, huko kurefuka ni sifa. Lakini henza, kamba inayopandisha tanga, ikirefuka tanga linashuka lenyewe na kulegea kama suruali isiyo na mkanda. Akaleta ya plastiki, ya bei rahisi, inayokwaruza. Hiyo nikamwachia afungie uzio.

Mwishowe nikapata. Ya henza: poliesta nyembamba, imesukwa kwa kubana, hairefuki hata upana wa ukucha ukiivuta, na ngozi yake inateleza. Ya demani ya tanga kubwa — hiyo ndiyo kamba unayoishika safari nzima, unalibana tanga nayo na kulilegeza — nilitaka nene, laini, yenye manyoya kama blanketi kuukuu, maana vidole vyangu havina nguvu ya kushika kitu chembamba. Akasema nene hivyo haitapita kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Nikafungua mkoba, nikatoa kapi la Rufaa lenyewe, nikalitia kamba mbele yake. Ikapita ikikoroma kidogo. Nikashuka saizi moja. Ikapita kimya.

Za tanga dogo nikachagua zilizopotwa kwa nyuzi tatu, zenye matuta. Kidole kinapanda kinashuka.

Muuza kamba akacheka. "Mama, mashua yako itakuwa kama nguo ya viraka."

Nikamwambia haiolewi.

Inayoteleza. Yenye manyoya. Yenye matuta. Hakuna anayehitaji macho hapo.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi kitandani. Vipande vitatu nilivyokatiwa dukani nimevifunga kwenye nguzo za kitanda. Nafumba macho (kwa heshima tu, hayana kazi), najiambia: upepo wa ghafla! Mkono unakwenda kwenye manyoya, unaachia. Upepo wa ghafla ukikukuta demani umeibana, mashua inalala ubavu na kukumwaga. Na ukikosea ukaachia henza, tanga lote linakushukia kichwani. Hakuna nafasi ya kutazama. Hata wenye macho hawatazami.

Binti kaingia, kauliza nimefungwa na nani. Nikasema daktari ameshauri nifanyishe mikono mazoezi. Uongo mwingine. Huu mdogo, umezaliwa na ule mkubwa.

Jumapili, 9 Machi

Amekubali. Jumapili ijayo! Mumewe na vijana wake wa gereji wameshakwenda kuzitia kamba zangu mahali pake, kwa maelezo yangu, nami nikazipitia kwa mkono moja moja.

Ila kuna sharti. Binti atakuja naye, akae mbele yangu, nikizidiwa awepo. Nimebisha mpaka nikaishiwa pumzi. Haogelei. Anachojua majini ni kuogopa. Akasema basi, bila yeye hakuna safari.

Hapo ndipo uongo wangu ulipopata abiria.

Nimekaa jioni nzima nikijitetea. Upepo nausikia shingoni, sihitaji kuuona. Ukingo wa nchi nauona kwa pembe ya jicho, tena vizuri. Vyombo vingine Jumapili asubuhi ni vichache. Kamba nazijua kwa ngozi. Utetezi mzuri. Ungeletwa mbele yangu na wakili kijana ningemsifu, kisha ningeutupa.

Nimeupokea.

Alhamisi, 13 Machi

Mkwe! Mkwe wangu mwema, asiye na hila hata ya kujazia kijiko!

Ana gereji ya kupaka magari rangi. Mtu wa rangi huyo, gari la kijivu humtia huzuni. Leo kanichukua kwa gari, kwa siri, anapiga mluzi. Tumefika pwani, akanishika mkono akanipandisha Rufaa. "Mama, tazama."

Nikatazama kama anavyotazama mwenye macho. Sikuona tofauti. Nikanyoosha mkono.

Kamba ya kwanza nyororo. Ya pili nyororo. Ya tatu, ya nne — nyororo. Saizi moja, msuko mmoja, ngozi moja. Kaniondolea zangu zote! Anasema ziliniaibisha, hakimu mzima na kamba za kuokoteza. Kaninunulia za kisasa, za mashindano. Nyekundu inapandisha, kijani ndiyo demani kubwa, njano na bluu za tanga dogo. "Hata mtoto hawezi kukosea," kasema.

Nikauliza zangu ziko wapi. Ziko nyuma ya gari lake, za kufungia bampa.

Nikamshukuru. Nilimshukuru vizuri. Njia nzima ya kurudi kanieleza jinsi alivyobishana na muuza kamba apate kijani kinachoendana na ubavu wa mashua. Nimewafunga watu walionikosea kidogo kuliko huyu, na hakuna hata mmoja niliyempenda hivi.

Ijumaa, 14 Machi

Nikisema, safari hakuna. Nisiposema, nitashika kamba nisiyoijua, na mbele yangu amekaa mwanangu asiyejua kuogelea.

Moyo umepiga vibaya siku nzima. Sikula.

Jumamosi, 15 Machi

Imekwisha. Au imeanza, sijui.

Mkwe alitaka kulijaribu tanga kubwa nchi kavu, mashua ikiwa bado kwenye trela. Tukaenda sote watatu, mimi katika gari la binti, mkwe katika lake. Nilikuwa nimeazimia kusema njiani. Sikusema. Nilikuwa nimeazimia kusema tukifika. Wakanikalisha nyuma, mahali pangu, tanga likapanda, likashika upepo, nikasikia mlingoti ukiguna — na maazimio yote yakaniruka. Sikuwa nimeusikia mguno ule tangu mwaka juzi.

Upepo ukazidi. Trela ikasogea. Binti, aliyekuwa amesimama mashuani chini ya tanga, akasema, "Mama, legeza ya kijani."

Nikachagua. Nikaachia.

Tanga zima lilimshukia yeye.

Mkwe akacheka, akaenda kumfunua. Binti hakucheka. Alitoka chini ya kitambaa, akaja akachuchumaa mbele yangu, karibu kabisa, mahali ambapo doa limemfuta uso wote. Akauliza polepole.

"Mama, gauni langu ni rangi gani?"

Anapenda bluu tangu utotoni. Nikasema bluu.

Mkwe akakohoa.

"Nimevaa suruali, Mama."

Swali la mtego! Nimewakatalia mawakili maswali kama hayo maisha yangu yote, na mtoto niliyemzaa kanitegea nikaingia mzima mzima. Nikiri na hili: katikati ya aibu ile nilijivunia.

Basi nikasema yote. Doa, kalamu nene, kalenda ya muuza kamba, vipande vya kitandani. Sikulia wala sikuomba msamaha. Nilimwambia ningekuwa na kamba zangu nisingekosea. Akasema hizo kamba ndizo zinazoniuma, si yeye? Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ungeniua."

Nikasema, "Ndiyo. Kwa kamba hizi, ndiyo."

"Ungeniambia lini?"

"Tukirudi."

Nikasikia chuma kikigongana nyuma ya mashua. Kaung'oa usukani, kaupakia kwenye gari lake, kaondoka. Bila usukani mashua haiendi popote, inakwenda anakotaka upepo. Anajua. Mimi ndiye niliyemfundisha hilo, nchi kavu, alipokuwa bado anakubali kufundishwa.

Mkwe alibaki amesimama, masikini. Nikamwuliza kama bampa zake zimeshafungwa. Akafikiri nimechanganyikiwa. Alipoelewa akaenda garini kwake, akarudi na kamba zangu kifuani. Tukazitoa zake, tukazitia zangu, mimi naelekeza, yeye anahema. Manyoya, matuta, utelezi. Alipomaliza akafumba macho, akazipapasa. Akasema, "Kumbe."

Nikamwuliza habari ya usukani. Akasema usukani anao mkewe, na hapo yeye hayumo.

Jumapili, 16 Machi

Mashuani. Naandika hapa hapa, daftari juu ya goti.

Binti hakunisemesha asubuhi. Nilivaa, nikaita teksi, nikatoka kwa mlango wa mbele kama mtu huru. Aliniona — nilisikia kikombe chake kikitua mezani. Hakunizuia. Hakunisindikiza pia.

Wasukumaji wa pwani wameiteremsha Rufaa majini, wakaifunga gatini. Walitazama mkiani pasipo na usukani, wakaulizana kwa kunong'ona. Nikawaambia naungoja. Sikudanganya.

Upepo mzuri. Hafifu, unatoka nchi kavu, naupata sikio la kushoto. Maji yanapiga ubavu kwa adabu. Demani mkononi, manyoya yake yameshanipa joto. Nimechagua vizuri. Hilo hata akinihukumu nani, nimechagua vizuri. Mguu umevimba na pumzi ni fupi, lakini vidole vinajua kila kitu kilipo.

Kama haji nitakaa hapa mpaka jua liwe kali. Wakija kunibeba wanibebe kutoka hapa, si kutoka kitandani.

Gari. La binti — naijua breki yake inavyolia.

Wako wawili. Hawashuki, nawasikia kupitia dirishani. Mkwe anasema upepo leo ni mdogo. Yeye anasema hataki kusikia habari za upepo. Anasema mama huyu hajawahi kumsikiliza mtu, hata akifa atakatalia. Mkwe ananyamaza. Mume mwenye busara.

Mlango. Nyayo juu ya mbao za gati. Ni yeye peke yake. Mwendo wake leo si wake: upande mmoja mzito, kama mtu aliyebeba kitu. Inaweza kuwa usukani. Inaweza kuwa begi la dawa na blanketi, anifungashe turudi. Nikigeuza kichwa labda nitaona kwa pembe ya jicho. Sigeuzi.

Amefika. Amesimama juu yangu, kivuli chake kimelifunika daftari.

"Unaandika nini, Mama?"

Nimesema maungamo.

"Ya kosa gani?"

Nimesema ningali natafuta. Sikumsikia akicheka, lakini pumzi yake ilikatika kidogo, kwa namna ya baba yake alipokuwa akizuia kicheko.

Kitu alichobeba bado hajakiweka chini. Nimeurusha mwisho wa demani juu ya ukingo, upande wake, uning'inie pale karibu na mkono wake. Hajaushika. Hajaondoka. Mashua inavuta kamba ya gati, inaachia, inavuta tena, na yeye bado amesimama.