Nilisema "anakuonya"

Bukavu, siku ya ine jioni, mwezi wa tisa 1956

Lile neno linanikatalia usingizi.

Leo bwana administrateur, yule muzungu mukubwa wa serikali, alimufokea papa Birindwa, kapita anayesimamia kazi ya barabara ya Kalehe, mbele ya watu wote. Mashimo yasipozibwa mpaka siku ya kwanza, atamufunga. Akapiga meza, akanigeukia: "Mukalimani, mwambie!"

Lakini mukwe wa Birindwa alikuwa amesimama pale pale. Kwetu muzee hakaripiwi mbele ya mukwe wake. "Anakukaripia" sikuweza kuitamka. "Anakukemea" ni mbaya zaidi. Nikasema: "Papa, Bwana anakuonya, uangalie barabara." Habari ya kufungwa nikaimeza.

Muzee akatabasamu. "Mwambie aksanti. Tutaziba mashimo kisha mavuno, mwezi ujao."

Mimi nikatafsiri aksanti peke yake.

Nje akanishika mukono: "Huyu muzungu iko na heshima."

Nilitaka kumwambia ukweli, lakini mukwe alikuwa bado kando yake. Wakapanda lori ya samaki, wakaenda.

Kalehe iko mbali. Nani nitamutuma? Na nikimutuma, aseme nini, kwamba mimi...

Siku ya kwanza askari watamufunga kamba mbele ya mukwe huyo huyo. Nami watanipeleka, nimuelezee kwa nini.