Chumba cha Mbele, Juu

Nyumbani, kwenye vumbi la chokaa,
Jumapili, tarehe 12 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. U hali gani huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na binti yenu, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kibogoyo kama bibi yake? Sisi hatujambo, isipokuwa goti la Mama, ambalo limekataa ngazi kabisa, na mimi, ambaye magoti ni mazima lakini kukaa kitako siwezi. Tangu asubuhi nimekwisha inuka kwenye barua hii mara nyingi. Nimechemsha chai nikaisahau, nimefagia palipofagiwa, nimepanda juu kutazama vitu ambavyo havijaondoka mahali pake. Mwandiko ukiyumba, usidhani ni uzee.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanichekesha, nami nikishacheka nasahau nililokuwa nalo moyoni. Nikiwa na kalamu hunipati.

Basi, nyumba yetu imevunjwa. Usishtuke, imevunjwa ndani tu. Kuta za kando hazigusiki, maana nusu yake ni za majirani. Tukizibomoa, Mwalimu Mstaafu wa mkono wa kulia ataonekana akinyoa ndevu. Lakini huku juu, zile mbao zilizogawa vyumba zilikuwa zimeliwa na mchwa hadi ikabaki rangi. Fundi alibonyeza moja kwa kidole gumba, kidole kikatokea chumba cha pili. Siku ileile tukakubaliana kuzitoa zote. Sasa ghorofani ni ukumbi mmoja mrefu na mwembamba, dirisha mbele, dirisha nyuma, katikati giza.

Fundi mwenyewe wanamwita Taratibu. Ni mtu mwema na kazi yake ni safi, ila jina hakupewa bure. Nikimwuliza lini anasimamisha kuta, anaitazama dari kwanza, halafu ananiambia haraka haraka haina baraka. Namjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Tunajibizana hivyo kila asubuhi mpaka shemeji yako, mke wa mdogo wetu, atuletee chai ili tunyamaze.

Ana desturi yake ya kazi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Hasimamishi ukuta kabla haujachorwa kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake kamili, na wenye nyumba wakakaa ndani ya chaki hiyo siku kadhaa. Anataka aone kama mlango ukifunguka utagonga kitanda, na kama watu wawili wanaweza kupishana mmoja akiwa na ndoo. Anasema ukuta wa chaki unafutwa kwa tambara, wa mbao unafutwa kwa ugomvi. Mimi nilidhani ni njia ya kuvuta siku. Lakini chaki alinipa mimi, kwa kuwa ni mshonaji na nimezoea kupima, nikasahau hasira zangu.

Nikachora, Kaka, na nilichora kwa raha. Chini, sebule mbele, kisha chumba cha Mama karibu na choo ili asipande ngazi tena, kisha jiko. Juu, chumba cha nyuma chenye jua la asubuhi ni cha mdogo wetu na mkewe na mtoto, maana nepi hazikauki gizani. Katikati, pasipo na dirisha, bafu na stoo. Na mbele, palipo na dirisha la barabarani, chumba chako. Hapakuwa na mjadala. Kabla sijauliza, Mama alikuwa amekwisha paza sauti kutoka chini: "Na cha kaka yako usikipunguze." Nikakichora upana uleule wa zamani. Nikachora kitanda chako, nikachora lile sanduku lako la bati, hata mlango wa kabati nikauachia nafasi ufunguke wote. Nilijisifu moyoni kwamba hakuna kilichosahauliwa.

Taratibu alipokuja kukagua, Mama naye akataka aone. Tukambeba kwa kiti, mimi na mdogo wetu, yeye akitugombeza ngazi nzima kwamba tutamwangusha. Tulipofika juu akasema tumweke chumbani mwako, akushikie mahali. Fundi akaomba kila mtu aingie kwake ili aone watu wanavyokaa na milango inavyofunguka. Mdogo wetu na familia yake wakaenda nyuma. Mama yuko kwako. Mimi nimesimama na chaki mkononi.

"Dada, sogea kidogo," fundi akaniambia, "hapo umeziba mlango."

Nikasogea.

"Hapo tena ni bafuni."

Nikasogea tena. Nikawa kwenye kichwa cha ngazi, na kama angenisogeza mara moja zaidi ningekuwa ninashuka.

Kaka, nilicheka. Nilicheka mpaka mtoto naye akaanza kucheka, halafu nikaona hakuna mkubwa anayecheka. Nimechora nyumba nzima kwa mkono wangu mwenyewe, na mahali pa kulala mimi sikuchora. Mdogo wetu akasema, "Si unalala kwa Mama?" Hakusema kwa ubaya. Ni kweli nalala kwa Mama, tangu alipougua. Godoro langu nalikunja alfajiri nalificha nyuma ya kochi, na cherehani yangu iko chini ya ngazi, nashona kwa taa mchana kweupe. Wameniona hivyo muda mrefu hata hawaoni tena, na mimi pia nimeacha kujiona. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu sisi mambo yamegeuka, aliyepo ndiye hana lake.

Nikasema basi, chumba cha mbele nipewe mimi, nipate dirisha la kushonea. Nilisema kwa upole, nakuapia. Mama akashika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kuinuliwa kwa nguvu. "Hapo ni pa kaka yako. Akirudi atalala wapi?" Nami ulimi ukaniponyoka, nikamjibu kwamba utalala sebuleni kama wageni wengine. Neno hilo la mgeni lilimchoma. Akageuka dirishani, kisha akaomba ashushwe. Tangu hapo ananisemesha habari za chumvi na dawa tu, na usiku nikiwa pale kwenye godoro namsikia hajalala, naye bila shaka ananisikia mimi.

Siku zote hizi situlii. Nimemharibia mteja mkono wa gauni, nimeushona nje ndani, mimi ambaye wasichana wa mtaani huletwa kwangu wajifunze. Kila nikipanda juu najikuta nauzunguka mchoro wa kitanda chako kana kwamba nitajigonga. Wote wanauzunguka. Juzi Taratibu mwenyewe, na ngazi yake begani, aliupita kando.

Jana Mama akaniita, akaniambia, "Mwandikie. Yeye akikubali, chukua." Ndiyo maana ya barua hii. Mbao zimeshafika na Alhamisi fundi anaanza, safari hii namwamini kwa sababu msumeno umeletwa. Nilikaa hapa asubuhi ili nikuombe ruhusa. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa ya kuomba, nimeyapanga tangu jana.

Lakini nimeitazama tena ile picha uliyotuma. Mama huitazama kwa ajili ya mjukuu wake, na mimi pia nilikuwa namtazama mtoto tu. Leo nimetazama nyuma yake. Kuna rafu ndefu ya vitabu, imeshikizwa ukutani kwa misumari mikubwa, na ukuta umepakwa rangi ile ya kijani uliyokuwa ukiipenda. Pembeni ya mlango mmemwekea mtoto alama za kimo chake, na juu yake mmeacha nafasi kubwa. Mtu anayefungasha hatoboi ukuta namna ile. Una nyumba, Kaka. Nimefurahi kwa ajili yako, nasema kweli, halafu nikakasirika, halafu nikaenda kufagia.

Sikulaumu kwa kwenda. Kama ni mimi niliyepata njia ningeondoka mbio na kiatu kimoja. Ninachokasirikia ni hili neno lako la mwakani. Kila ukiulizwa utarudi lini, mwakani. Wewe unalisema ili Mama asiumie, na Mama analitandikia kitanda. Goti lilipokuwa zima alikuwa akipanda mwenyewe kufuta kioo cha dirisha lako. Lilipokufa akanituma mimi. Nimefuta kioo kile, nimekung'uta shuka zako, nimewasha taa jioni ili chumba kisikae kikiwa kama cha marehemu, halafu nimeshuka kulala chini. Nilifanya kwa mapenzi, wala sijuti. Ila sasa nimechoka.

Kwa hiyo ruhusa siombi. Kesho nitamwambia fundi kwamba chumba cha mbele ni changu. Cherehani itakaa dirishani. Sanduku lako nitalihifadhi stoo, sitafungua. Mkija kututembelea, wewe na wifi na mtoto, nitawapisha humo kwa moyo mweupe, nami nitarudi kwenye godoro muda wote mtakaokaa. Lakini mtabisha hodi kwanza.

Mdogo wetu anakusalimu. Anasema ule mpira wenu umepatikana nyuma ya mbao, umekauka kama ganda. Shemeji yako anakusalimu, tena ndiye aliyeninong'oneza kwamba nisirudi nyuma. Shangazi alipita Ijumaa, akaona vumbi, akaketi mlangoni bila kuingia, na hata hivyo alikumbuka kukuulizia. Mwalimu Mstaafu husalimu kwa kugonga ukuta, lakini siku hizi hatujui kama ni salamu au ni malalamiko ya nyundo. Mbusu binti yenu, mwambie shangazi yake anamshonea gauni na kwamba mikono itakuwa sawa. Mola awazidishie afya na riziki ya halali, na hiyo nyumba yenu aijaze kheri.

Kabla sijafunga bahasha. Mama amejipumzisha, akiamka atataka nimsomee nilichoandika. Nitamsomea salamu, nitamsomea habari za mchwa na fundi. Habari ya chumba nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, na nitavumilia atakavyosema. Lakini ile ya rafu na rangi sitamsomea. Mimi nikimwambia kwamba hutarudi, atadhani nasema hivyo ili nipate dirisha. Hiyo ni yako kuisema, na ukiichelewesha ataendelea kukungoja hata kwenye chumba ambacho mimi nimelala ndani yake.

Barua ikikufikia, mpigie. Usipige kwangu, piga kwake, na usianze kumchekesha. Mwambie kweli, hata kama atalia. Nitakuwa nimekaa naye.

Mdogo wako akupendaye, leo kama siku zote,

Sindano