Mkono Juu ya Sabuni

Arua, Jumapili, 1974. Mvua ilianza alfajiri na sasa yamebaki manyunyu tu. Nina hasira. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, nisije baadaye nikajidanganya kwamba leo nilikuwa na huzuni.

Kaka yangu Adriko amelazwa hospitali hapa mjini. Koo lake limeungua. Anatema damu kwenye bakuli, wifi yangu anakwenda kuimwaga, anarudi, anakaa. Daktari amesema tusubiri tuone kama ataweza kumeza tena. Nikamuuliza, na asipoweza? Akanitazama, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Acha nianze mwanzo, maana kichwa hakitulii.

Kaka hupika sabuni kwetu Dadamu, kwenye pipa nyuma ya nyumba, kwa mawese yanayotoka Kongo na ile soda kali inayounguza ngozi. Tangu maduka ya Wahindi yafungwe, sabuni ya kiwandani imeadimika, na watu wananunua yoyote wanayoikuta. Ya kaka ni nzuri. Kila ikishapoa hukata kipande akakigusa kwa ncha ya ulimi. Ikichoma, soda imezidi, na yote inarudi motoni. Ndivyo wapikaji wa huku wanavyopima, hawana kipimo kingine.

Mimi nasoma Nairobi, shahada ya pili ya biashara, na somo lililoniteka ni usimamizi wa chapa. Namna ya kuifanya bidhaa yako itambulikane kati ya nyingi, mnunuzi airudie, na akiwa na lalamiko ajue pa kukupata. Hayo niliyabeba kwenye basi mpaka Arua likizo hii. Nikaamua kazi yangu ya mwisho wa mwaka nitaiandika juu ya sabuni ya kaka.

Kaka hakutaka. Alisema sabuni ni sabuni, mwisho wake majini. Nikamsumbua mpaka akachoka. Tukaenda Koboko kwa Isaka seremala, rafiki yake tangu walipobatizwa pamoja, akatuchongea muhuri wa mti: kiganja kilicho wazi, na kila kidole na ukucha wake. Isaka anajivunia zile kucha. Huku hakuna fundi mwingine anayechonga kucha namna ile.

Kisha nikasimama kwenye gulio la Koboko nikiwaambia kina mama, ambao wengi hawasomi, wasihangaike na maandishi. Tafuteni mkono. Penye mkono ndiyo ya Adriko wa Dadamu, yule pale mwenye kofia. Wakacheka, wakanunua, gulio lililofuata wakarudi. Nikajiona profesa tayari, kumbe wapi.

Jana lilikuwa gulio.

Sajini mmoja wa kambi ya jeshi ya hapo Koboko alikuja na askari wawili. Hakuuliza bei. Aliinua juu kipande cha sabuni akauliza, "Mutu ya hii mukono iko wapi?" Kina mama wakamwonyesha kaka. Hawakuwa na ubaya wowote, niliwafundisha mwenyewe.

Mke wa sajini alikuwa amemwogesha mtoto wao kwa sabuni ile. Mama huyo alisimama nyuma ya mumewe, amembeba kifuani, na mgongo wa mtoto ulikuwa nyama tupu. Sajini alikuwa analia. Alimpiga kaka kwa kitako cha bunduki mdomoni huku machozi yanamtoka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko bunduki yenyewe.

Kaka alipoinuka alikiomba kile kipande. Akakigusa kwa ulimi, akatema.

"Hii si yangu, afande. Soda iko mingi."

"Mukono iko ya nani?"

"Mukono iko yangu. Sabuni si yangu."

"Basi kula."

Askari mmoja alimkalia kifuani, mwingine akambana taya. Sajini mwenyewe ndiye aliyekivunja kipande na kukisukuma ndani, akitumia mpini wa kisu. Nilipiga kelele kwamba mkono ule niliubuni mimi, kwamba mwenye kosa ni mimi. Buti likanikuta tumboni, nikaanguka juu ya mihogo ya mtu. Povu lilimtoka kaka puani, jeupe, halafu jekundu. Miguu yake ilikuwa inapiga chini, kisha ikaacha.

Walipomwachia, sajini aliniambia mimi, si kaka. "Kama iko ya mutu mwingine, leta jina yake kambini Jumatatu. Bila hiyo mimi nakuja Dadamu."

Kipande kilichobaki nilikiokota. Niliugeuza ule mkono juani. Vidole ni vifupi kuliko vya muhuri wetu, ila kila kimoja kina ukucha, umechongwa kwa ustadi uleule. Isaka alijichongea muhuri wa pili, akaenda kupika uchafu wake usiopimwa, akauuza kwa jina la kaka yangu.

Leo asubuhi kaka alifungua macho. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, ni Isaka. Hakushtuka. Nadhani alijua tangu ulimi wake ulipogusa. Akanishika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka damu ikamtoka. Anajua wanaochukuliwa na wale watu hawarudi, na Isaka ana watoto ambao kaka amewapakata.

Wifi yangu, aliyekuwa amesikia, alingoja kaka alale. Kisha akaniambia bila kupandisha sauti, "Mtaje. Yeye ana watoto na mimi nina watoto. Ukinyamaza watakuja kummalizia baba yao."

Nilijaribu kuomba. Haikuwezekana.

Ningependa kuandika hapa kwamba nitamtaja kwa ajili ya watoto wa kaka. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mchana kutwa nimekuwa nikimwona Isaka amelazwa chali, taya limebanwa, mkono wenye kucha unaingia mdomoni mwake, na mimi nimesimama karibu niweze kuona vizuri. Sijawahi kumtakia mtu jambo kama hilo. Limekaa kifuani na linanipa nguvu, na nikila ninakula vizuri.

Naweza kupita kwake kwanza, nimwambie akimbilie Kongo, mpaka hauko mbali. Nimeliwaza hilo mara moja, nikaliacha.

Kaka amesema hapana kwa njia pekee iliyombakia. Basi la Koboko linaondoka kesho asubuhi, na gauni langu nimeshalipiga pasi.