Namba niliyoituma kuhusu nyumba ya Baba

Jumapili, alasiri. Same kuna upepo wa vumbi na joto la kukausha midomo. Nimerudi kutoka Ngujini saa mbili zilizopita, nimeoga, nimekunywa chai, na sasa naandika kabla sijaanza kujitetea.

Nifundishaye fizikia sekondari ningepaswa kujua. Hilo niliseme mwanzoni.

Mwaka jana Fundi Saidi, anayetengeneza redio na simu karibu na stendi, alinieleza kuhusu mtandao wa watu wa kujitolea wanaopima mionzi majumbani kwao. Si wataalamu. Ni watu wa kawaida, kila mmoja na kipimo kidogo nje ya nyumba yake, na kipimo kinatuma hesabu zake kwenye ramani ambayo yeyote anaweza kuifungua. Mionzi ipo kila mahali, kidogo kidogo, kutoka kwenye udongo, mawe na angani. Wanachotaka ni kujua hali ya kawaida ya kila eneo, ili siku ikibadilika ionekane. Upande wetu wa ramani ulikuwa mtupu kabisa.

Tukajiunga, mimi na yeye. Tuliunganisha vipimo viwili dukani kwake kwa Jumamosi nne, yeye akichomelea nyaya na mimi nikisoma maelekezo. Cha kwanza tulikifunga kwangu, nje, chini ya paa. Nukta yetu ilipotokea kwenye ramani tulipeana mikono kama watu waliooza watoto wao. Walimu wenzangu waliniita Madam Mionzi. Sikukasirika. Nilikuwa na kitu cha kufanya jioni, na tangu Baba afariki jioni zilikuwa ndefu.

Cha pili nilikipeleka Ngujini kwa Mama wakati wa likizo. Mtandao ulitaka mtu wa milimani.

Maelekezo yalisema wazi: kiwekwe nje, mbali na ukuta. Mimi nilikiweka ndani, juu ya kabati la sebuleni, kwa sababu soketi ilikuwa pale na waya wangu ulikuwa mfupi. Nilijiambia nitakitoa nje nikirudi na waya mrefu.

Kesho yake kilikuwa kinahesabu milio zaidi ya sabini kwa dakika. Cha Same hakivuki thelathini.

Nilipiga picha ya ile namba nikaituma kwenye grupu la familia. Niliandika maneno manne: "Angalieni nyumba ya Baba." Sikueleza chochote. Ukweli ni kwamba nilijisikia mtu muhimu. Kisha nikapanda gari kurudi kazini.

Baba alikufa kwa saratani ya damu. Kaka yangu Mbonea, aliyeko Dodoma, alijibu kabla sijafika Mwanga: "Kwa hiyo ni nyumba iliyomuua?"

Nyumba ile Baba aliijenga mwenyewe kwa mawe aliyoyachimba mlimani nyuma ya shamba la kahawa. Wiki hiyo hiyo habari ilimfikia Mama na majirani, naye akahamishia godoro lake jiko la nje. Jumuiya yao ya kanisani, inayosali majumbani kwa zamu kila Alhamisi, ilipofika zamu ya Mama ikahamia kwa jirani. Hakuna aliyesema neno baya. Walisema tu kwamba huko kuna nafasi zaidi. Mbonea akaanza kutafuta watu wa kubomoa.

Nami sikupanda mlimani kwa wiki tatu. Nilisema ni mitihani. Ilikuwepo kweli, lakini haikuwa sababu.

Nilitaka ile namba iwe ya kweli.

Kama ni mawe, basi kuna jibu. Miaka yote ile ya kumpeleka Baba hospitali, kila daktari nilimuuliza kwa nini, na kila mmoja aliniambia kwa upole kwamba mara nyingi haijulikani. Sikuwahi kulikubali neno hilo. Sasa nilikuwa na kifaa na namba, na namba haikuniambia haijulikani.

Ni Saidi aliyeniondoa hapo, bila kujua. Nilikuwa namweleza mpango wa kubomoa, yeye ameinamia redio ya mtu. Akauliza, "Madam, mawe yenyewe umeyapima?"

Sikuwa nimeyapima. Sikuwa nimepima chochote isipokuwa juu ya kabati.

Jana asubuhi tukapanda pamoja. Juu kulikuwa na ukungu na baridi, migomba inadondosha maji. Mama alikuwa uwanjani anapepeta maharage. Saidi akamwamkia. "Marahaba, baba, karibuni," Mama akaitikia. "Ila ndani sitaingia. Nitawaletea chai hapa hapa." Nilichungulia jikoni. Godoro lilikuwa kati ya kuni na debe la maji, na ukuta wa juu yake ni mweusi kwa moshi. Mama ana miaka sabini na mbili.

Tulikitoa kipimo kabatini, tukakiunga na betri ya Saidi, tukaanza na ukuta wa nje. Hesabu ilikuwa karibu sawa na ya Same, juu kidogo. Chumbani, ukutani pale alipolala Baba miezi yake ya mwisho, kidogo zaidi, kama inavyotarajiwa kwenye nyumba ya mawe. Hakuna cha kumwondoa mtu kwenye kitanda chake. Tulipima kila kona, dakika kumi kumi, na Saidi akaandika kwenye daftari.

Kisha tukasogea kwenye kabati, na mlio ukaanza kukimbia.

Saidi alishusha kipimo taratibu mpaka kwenye droo ya juu. Ilikuwa droo ya Baba. Nikaifungua: betri za tochi zilizovuja, miwani isiyo na mkono mmoja, na kopo la kahawa lililofungwa kwa mpira. Ndani ya kopo kulikuwa na pakiti kama ishirini za vile vifuko vyeupe vya kitambaa vinavyofungwa kwenye taa ya karabai ili iwake. Kabla umeme haujafika, Baba ndiye aliyekuwa akiwasha karabai za kanisani. Alivinunua kwa wingi akaviweka. Umeme ukaja, vikabaki.

"Hivi vya zamani vilikuwa na thoriamu," Saidi akasema. "Ndiyo inayovifanya viwake vyeupe vile. Inatoa mionzi."

Nilijua. Nimewahi hata kuisema darasani. Nilisogeza kopo mpaka mwisho wa uwanja, kabati likatulia. Nikalirudisha, mlio ukakimbia tena. Tulifanya hivyo mara tatu. Ya tatu nilikuwa nimelishika kopo mlangoni Mama alipotokea nyuma yangu.

"Hizo msizitupe! Ni za Baba yenu."

Alilichukua kopo mkononi mwangu akaingia nalo moja kwa moja hadi sebuleni, akasimama pale katikati. Nadhani hakutambua kwamba ameingia.

Nikamweleza. Nyumba haina neno. Mawe hayana neno. Ni hizi, na kipimo nilikiweka juu yake kabisa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza alichouliza Mbonea, ila kwa sauti ya chini zaidi. "Basi ndizo zilizomuua?"

Nilitamani kusema ndiyo au hapana. "Zikiwa zimefungwa kwenye droo, sidhani, Mama. Lakini sijui. Hiki kinahesabu tu mionzi iliyopo. Kilichompata Baba hakikijui."

"Kama hakikijui," akasema, "kwa nini uliwaambia watu kinakijua?"

Saidi alitoka nje kwenda kuangalia mahali pa kusimika nguzo.

Tulifunga kipimo nje, kwenye nguzo karibu na kahawa, na safari hii waya ulitosha. Saidi aliwaandikia watu wa mtandao wafute hesabu za wiki tatu na akaeleza kosa bila kunitaja jina. Nilimwomba anitaje. Kopo tuliliweka kwenye banda la zamani lisilolala mtu, hadi niulize wanaohusika namna ya kulisalimisha. Mama amekubali, kwa sharti kwamba abaki na kopo lenyewe tupu.

Leo asubuhi niliandika kwenye grupu, safari hii kwa kirefu. Mbonea hakuandika. Alipiga.

"Kwa hiyo hakuna sababu," akasema.

"Hakuna niliyoipata."

"Afadhali ingekuwa nyumba, dada. Ningeibomoa."

Nikamwambia na mimi nilitaka hivyo hivyo. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo. Tulilia kidogo, kila mtu upande wake, kisha akauliza kama Mama amerudi kulala ndani. Nikamwambia godoro tulilirudisha jana saa kumi, mimi nikishika upande mmoja na Mama upande wa pili, na kwamba alinilazimisha kwanza nifue mashuka kwa sababu ya moshi.

Majirani bado. Nilipokuwa naondoka, Mama alinisindikiza hadi barabarani akaniambia kwamba ameiomba jumuiya irudi kwake Alhamisi hii, na kwamba mimi nitakuwepo. Hakuuliza kama nina vipindi. "Utasimama uwaambie mwenyewe," akasema. "Si kwa simu."

Nimeomba ruhusa kazini. Nimekaa hapa najaribu kuandaa maneno, na kila nikianza naanza na thoriamu. Ni rahisi, naijua vizuri, wangenisikiliza kwa heshima na pengine wangesahau mengine.

Alhamisi nitaanza na "nilikosea". Je, nitaweza kuishia hapo kwa muda, niwaache waniangalie, kabla sijaanza kueleza?