Kiti cha Mgeni na Neno "Assist"

Jumatano, masika, 1995. Mji wa Kale.

Mvua haijakata tangu alfajiri, na leo, shajara, usitarajie adabu kutoka kwangu. Nimelala na hasira na nimeamka nayo. Nimejifungia ghorofani kwa dada yangu Aziza, na chini yangu wanawake wa mtaa mzima wanacheka.

Keshokutwa Nuru, binti wa Aziza, anaolewa. Mimi ni mama yake mdogo. Nimetoka Nakuru, ninakosomesha Kiingereza, nikakaa kwenye basi mpaka miguu ikavimba, nije niwe mama mdogo. Badala yake nimefanywa mgeni.

Ilikuwa hivi. Jana wanawake walikuja kuchagua mchele wa pilau. Kila mmoja alikuja na uteo wake wa kupepetea kwapani, akavua viatu, akapita moja kwa moja hadi ukumbini, akakaa mkekani na kuanza kutoa vijiwe. Hakuna aliyeelekezwa. Mimi nikasimama mlangoni mikono mitupu, nikauliza kwa sauti ya darasani, "Niwasaidie nini?"

Wakatazamana.

Huko bara nilikoishi miaka yote hii, hiyo ndiyo heshima. Hugusi sufuria ya mwenzio bila kumuuliza. Nimezoea, ulimi ukateleza. Aziza hakuinua hata uso.

"Mleteeni mwalimu kiti," alisema.

Kikaazimwa kiti cha plastiki kwa Bi Time, jirani wa mlango wa pili. Nikaletewa na soda kwenye sinia, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Wenzangu wote chini wanafanya kazi, mimi juu ya kiti nanyonya mrija. Sijapata kunywa soda chungu namna ile.

Na hilo ni dogo. Katika ukoo wetu, siku ya harusi, mama wa biharusi husimama mlangoni pamoja na nduguye wa kike kuwapokea wanawake wa upande wa bwana harusi. Mmoja hushika chetezo cha udi. Mwingine hushika mrashi, ile chupa ya fedha yenye shingo ndefu, akawanyunyizia wageni marashi. Marehemu mama alisimama hivyo na ndugu yake siku Aziza alipoolewa. Jana jioni nilimsikia Aziza akimwambia Bi Time, "Huenda ukanishikia mrashi wewe Ijumaa."

Huenda!

Bi Time ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini akisimama pale, hakuna mtu mtaani atakayehitaji kuelezwa kwamba Aziza hana tena mdogo wake. Nuru atabaki na picha hizo ukutani, na mkanda wa video juu yake, na mimi sitakuwemo.

Nikikasirika hukimbilia kamusi. Wengine hula, mimi hufungua kamusi; nayo imo mkobani siku zote kama dawa ya pumu. Nilitaka kujua kusaidia kumekuwa dhambi tangu lini. Neno letu wenyewe tumelipata kwa Waarabu, hilo nalijua. Waingereza wana "help", ambalo ni la kwao tangu kale, na wamelituma kazi nyingi mpaka limechoka: ni la mtu anayezama, ni la kumwambia mgeni ajipakulie chakula, na kwa wengine ni jina la mtumishi wa ndani. "Aid" walilipata kwa Wafaransa, na siku hizi sisi twalisoma kwenye magunia ya unga.

Halafu nikafika kwenye "assist". Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba hilo ni "help" lililovaa tai. Kumbe asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kusimama karibu na mtu. Lilipopitia Ufaransa likawa pia la kuhudhuria, na zamani hata Mwingereza aliweza kulitumia kwa mtu aliyekuwepo tu kwenye sherehe. Maana ya kutoa msaada imo, lakini msingi wake ni mtu kuwa pale, ubavuni.

Nikaifunga kamusi kwa kishindo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikuhitaji Kilatini. Mama alikuwa akitoka nyumba hii hii na uteo kwapani kila jirani alipokuwa na shughuli, na mimi nimeshika upindo wa buibui lake. Sikuwahi kumsikia akiuliza mlangoni kama anahitajika.

Uteo wake bado unaning'inia stoo. Nimeuona.

Nashuka. Akinirudisha kwenye kile kiti mbele ya watu, nitakata tiketi ya basi la leo, harusi na iendelee bila mimi.

*

Baada ya alasiri.

Nilishuka. Nilitoa salamu, nikaenda stoo, nikautungua uteo wa mama na kuufuta vumbi kwa ncha ya leso. Kisha nikaingia ukumbini, ambako wanawake walikuwa wakimalizia mchele. Bi Time alivuta goti lake kidogo, nikajipenyeza kando yake. Nikachota mchele, nikainamisha kichwa.

Kaseti ya taarabu ilifika mwisho wa upande, na hakuna aliyeinuka kuigeuza. Nilisikia mchele ukicheza kwenye teo zote.

Aziza alitokea jikoni na mwiko mkononi. Akaja akasimama juu yangu. Niliona vidole vya miguu yake, hina imeanza kufifia, na sikuthubutu kutazama juu zaidi. Akachutama. Akatia mkono kwenye uteo wangu, akavuruga mchele niliokwisha kuuchagua, akatoa jiwe, akaniwekea kiganjani.

"Mato ya vitabu haya, hata jiwe kama hili hayalioni? Wataka kuwavunja meno wakwe zake Nuru?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nilifurahi, jamani. Mgeni hagombezwi katika nyumba hii. Mgeni husifiwa hata akimwaga chai mkekani.

Lakini Aziza hakuwa akicheka. Aliinama karibu na sikio langu.

"Jana nalikungoja uingie," alisema. "Ukasimama mlangoni ukaomba ruhusa kama mtu wa serikali. Nyumba ya mamako hii. Waomba ruhusa kwa nani?"

Sauti ilimkatika pale kwenye mama. Akainuka upesi akarudi jikoni, na mimi nikabaki na jiwe mkononi. Nilikuwa nimeshikilia kwamba ananiadhibu. Kumbe ameogopa. Alimtuma mdogo wake bara kusomesha, na pale mlangoni jana alidhani amerudishiwa mtu mwingine. Nilikuwa na maelezo yangu tayari, ya Nakuru na desturi za watu. Niliyameza. Nikaendelea kuchagua mchele, safari hii kwa macho yote mawili.

Kuhusu mrashi hakusema kitu. Mchele ukaisha, wanawake wakabeba teo zao wakaondoka mmoja mmoja kwenye mvua, na bado hakusema. Nilifagia ukumbi. Nilikunja mikeka. Nilikuwa nimeshakata tamaa niliposikia kabati la chumbani kwake likifunguliwa.

Akatoka na kitu kilichofungwa kwa leso ya mama. Akanipa, pamoja na nusu ndimu na majivu kwenye kisahani.

"Umeingia weusi," alisema.

Swali lilinijia mpaka kwenye meno. Ijumaa ni nani, ni mimi au ni Bi Time? Nikaling'ata. Nikakaa chini nikaanza kusugua tumbo la mrashi, na Aziza akawa amesimama tu pale, ananitazama mikono, mvua inapiga dirishani.

"Sugua na shingoni," akasema mwishowe. "Ijumaa hapo ndipo utakaposhika."

Naandika haya vidole vikinuka ndimu. Kile kiti cha plastiki nimekirudisha mwenyewe kwa Bi Time, nimejitwika kichwani kwenye mvua. Sikumuuliza Aziza.