Salamu za Kaseti ya Saba

Jumanne, 9 Julai 2024
Kaseti zote kumi na moja za marehemu mama zimeingia kwenye kompyuta! Zamani kupiga simu Muscat ilikuwa ghali, kwa hiyo alikuwa anaongea kwenye kaseti, anamtumia mdogo wake, Mama mdogo Anfal. Zote zinaisha vilevile: nani anakusalimu, jina kwa jina. Mama mdogo anakuja Jumapili kwa hitima. Macho hayaoni tena, anataka sauti tu.

Ya saba imeliwa na redio mara tu nilipomaliza kuirekodi. Imebaki ya kwenye mashine.

Programu ya kuondoa mikwaruzo inatambaa. Nimepandisha spidi ya memori, 6000 hadi 6400, na ya ile njia inayoiunganisha na prosesa, 2000 hadi 2200. Jaribio la saa tatu — kosa sifuri. Mimi ni fundi bwana!

Jumatano, 10 Julai
Nimesafisha ya saba. Hamud anakusalimu — baba. Samir anakusalimu — kaka. Nour anakusalimu — mimi. Halafu, sauti ileile: Habib anakusalimu.

Kwetu hakuna Habib. Na wakati narekodi hakuwepo, nilisikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi, 11 Julai
Nimemleta Onesphory, fundi mwenzangu wa Mtaa wa Aggrey. Kasema nimekaza mno, memori inakosea kimyakimya. Nikamuuliza, kosa la memori linajua kutamka jina? Akacheka. Nikamchezea ile rekodi. Hakucheka tena.

Tukashusha spidi, tukasafisha upya. Habib hayupo. Moyo ukatulia. Alipoondoka nikapandisha tena, kuhakikisha tu. Ujinga wangu! Habib yupo. Baba hayupo.

Urefu wa faili uleule, dakika 42 na sekunde 10. Nimeshusha — baba hakurudi. Programu inahifadhi juu ya faili lilelile na mimi sikuweka nakala. Fundi gani mimi? Nimelia.

Nimempigia baba Tanga. Mzima, analalamika mgongo.

Jumamosi, 13 Julai
Sijaiwasha. Naogopa mashine niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumapili, 14 Julai
Mama mdogo amefika. Shikamoo, marahaba, akanipapasa uso mzima. Nikataka kuanza na kaseti ya kwanza, akaomba ya saba. Ikabidi nimwambie yote. Nilitegemea kufokewa.

Akauliza, jina gani hilo? Nikamtajia. Ndipo akasema Habib alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, kabla ya Samir. Aliishi siku tano, hakufika akika, ile siku ya saba ya kutangaziwa jina. Jina walilijua yeye na mama tu. Nipandishie spidi, mwanangu, akasema.

Ningekataaje? Nimepandisha. Kosa sifuri. Nour anakusalimu, Habib anakusalimu. Samir kaenda! Ila baada ya Habib kuna kitu kipya: mama anavuta pumzi, anataka kuendelea. Mama mdogo kaisikia. Analia huku anatabasamu. Irudie, anasema, dada hajamaliza.

Nimemwambia asubiri kidogo. Nimejifungia chumbani, naandika. Mle kwenye rekodi, kati yetu watatu wa mwanzo, nimebaki mimi peke yangu, na baada yangu sijui mama atamsalimia nani kwa niaba ya nani. Lakini ile pumzi — na mimi nataka kujua inaelekea wapi.

Ananiita kutoka sebuleni. Nour. Sauti yake imefanana mno na ya mama.

Nour.

Sijaitika.