Semeni na Barafu ya Saa Kumi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipotuacha na friza iliyojaa makopo ya barafu ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kuyagusa. Mimi Loveness naandika kwa niaba ya familia. Abel aliomba aandike yeye, lakini Mama alisema Abel akishika kalamu hata salamu inageuka hotuba.

Wengi watakaosoma hapa walikufahamu kama Boaz Maduhu, fundi friji wa Kakola, pale karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Hakuna muuza soda wala mama wa samaki ambaye friji lake halikuwahi kulala uani kwetu. Ulikuwa na tabia ya kuligonga friji kwa kidole kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, halafu unatikisa kichwa polepole mpaka mwenye friji anatafuta pa kukaa. Ukishamwona ameketi ndipo unamwambia, "Ni waya tu huu." Mama alikukataza mchezo huo miaka yote, na miaka yote ulisema utaacha.

Ulitupenda, hilo hatulikatai. Lakini mbwa ulimpenda zaidi, na leo tuseme ukweli, maana hasira zimeshapoa.

Tunakumbuka ule mwezi wa kumi, miaka tisa kabla hujatutoka, jua linachoma hadi kuku wanatembea midomo wazi na mvua hata dalili hakuna. Ulikuwa umeleta mtoto wa mbwa asiye na jina. Akashinda akifukuza mbuzi wa watu, kisha akaja kuanguka mlangoni, ulimi nje, anahema. Ulimbeba ukamweka kivulini, ukamlowesha maji, ukamwekea kipande cha barafu kwenye bakuli. Akakilamba, akafumba macho kwa raha. Kuanzia siku hiyo tulikupoteza.

Bwana mifugo Ignas alipokuja mtaani kuchanja ng'ombe, ulimshikilia saa nzima ukimuuliza habari za mbwa. Chumvi? Hapana. Sukari? Hapana. Kitunguu kidogo, kwa ladha? "Kitunguu ni sumu kwa mbwa, mzee wangu, usithubutu." Ukayaandika yote kwenye mlango wa friza kwa wino usiofutika, na mpaka leo yapo. Boga lililochemshwa na kupondwa. Papai na tikiti, mbegu zote zitolewe. Maziwa mgando, kijiko kimoja. Supu ya mifupa isiyo na chumvi, mafuta yaenguliwe, mifupa yenyewe isitie mguu. Uligandisha kwenye makopo ya siagi, si kwenye vifuko kama barafu za watoto, maana mbwa atameza na kifuko. Kopo moja kwa siku, saa kumi jioni, na likitoka kwenye friza lingoje kidogo lilainike, lisije likamnata ulimi. Sisi ugali ulituunguza midomo utoto wetu wote na hukuwahi kutuambia tungoje.

Jirani yetu Mzee Masele, Baba Dorah, mwenye mashine ya kusaga, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukuona. Aliegemea ukuta unaotutenganisha na kwake, akasema kwa ile sauti yake iliyozoea kushindana na mashine:

"Baba Abel! Watoto wa watu wanalilia barafu, wewe unampa mbwa? Mwakani utamshonea suti!"

Mtaa mzima ulicheka. Wewe ulimtazama yule mtoto wa mbwa, ukamwambia, "Nimekupatia jina, ng'wanawane, mwanangu. Wewe unaitwa Semeni."

Huku kwetu kila mtu anajua kwamba mbwa hapewi jina bure. Jina la mbwa ni barua kwa jirani, na barua hiyo uliisoma kila siku saa kumi, kopo mkononi, mgongo umetupa sisi, uso umeuelekeza kwenye ukuta wa Mzee Masele: "Semeeeni! Semeni mpaka mchoke!" Mbwa anakuja mbio, Mzee Masele anafunga dirisha.

Kwa miaka tisa Mzee Masele hakulitamka jina hilo hata mara moja. Kwake mbwa alikuwa "huyo wenu". Yeye ni mzee wa kanisa, na akiongoza maombi, pale ambapo wenzake husema "Semeni amina," yeye husema "Tamkeni amina." Waumini wengine walidhani ni Kiswahili cha juu, wakaanza kumwiga.

Kisha moyo ukaanza kukusumbua, Baba. Mchana ule wa mwisho tulikuwa tumekuzunguka kitandani, Mama, Abel, mimi, Martina na dada yako, shangazi Sesilia. Ulifumbua macho, ukatutazama mmoja mmoja, ukasema kwa shida, "Semeni..."

Shangazi akainua mkono kutunyamazisha. "Mmesikia? Anataka tuseme. Kila mtu aseme lake, mzee aondoke na moyo mweupe."

Abel akapiga magoti. "Baba, ile redio yako haikuangushwa na paka. Ni mimi."

Martina akaanza kulia. "Baba, zile barafu za tikiti zilizokuwa zinapungua... ni mimi, tangu darasa la tano. Nisamehe, zilikuwa tamu."

Hata Mama akasema. "Baba Abel, lile koti lako la kaki halikuibiwa kwenye kamba. Niliona aibu nalo, nikaligawa."

Mimi yangu niliyasema pia, lakini hapa ni mbele za watu. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa tu, hapana, hapana, na shangazi anasema, "Bado hajaridhika, kuna mtu anaficha kitu." Ndipo ukakusanya nguvu. "Semeni... barafu."

"Anataka barafu!"

Martina akakimbia kwenye friza, akarudi na kopo la kwanza aliloshika. Tukakuwekea kijiko mdomoni. Ilikuwa ya boga na supu ya mifupa. Ulilamba, ukatulia, halafu ukaanza kucheka, kicheko kidogo kinachokwama kifuani. "Ya mbwa hii," ukasema. "Mpeni Semeni. Msimwache."

Ulitutoka kesho yake asubuhi. Hukuacha neno la nyumba wala la kiwanja. Uliagiza jambo moja tu, nasi tulikuahidi.

Siku ya mazishi mchungaji alihubiri vizuri sana, Baba, ungefurahi. Alipofika mwisho akainua mikono akasema kwa nguvu, "Semeni amina!" Mbwa wako akatoka nyuma ya nyumba mbio, akapita katikati ya viti, akaketi mbele ya mchungaji akimtazama mikono. Watu walijizuia. Mchungaji akadhani hawakusikia, akarudia, "Semeni!" Mbwa akabweka. Hapo hata Mama alijifunika kanga usoni, mabega yanacheza, na hatukujua kama analia au anacheka. Mchungaji mwenyewe alimalizia kwa kusema "Tamkeni."

Baada ya siku hiyo Semeni hakuitika tena. Alilala mbele ya friza, pua imegusa mlango, chakula hataki. Tukamtengenezea barafu kama ulivyoandika, neno kwa neno. Akageuza uso. Tukajaribu ya papai, akageuza uso. Abel akataka kuweka sukari kidogo, Martina akamwonyesha mlango wa friza akamwambia asome. Siku ya nne Ignas akaja, akamfungua mdomo, akamsikiliza moyo. "Huyu haumwi," akasema. "Huyu anangoja. Lakini kwa jua hili na umri huu, akingoja siku mbili zaidi atamfuata mwenyewe."

Mama akaketi pale chini kando ya mbwa. "Baba yenu ameniomba kitu kimoja tu," akasema. "Kimoja! Nacho kinishinde?" Sijawahi kumwona Mama amevunjika vile, hata siku ya jeneza.

Kesho yake mchana umeme ukakatika. Barafu zikaanza kulainika, na sote tulikuwa uani tumemzunguka mbwa, tunamwita kwa zamu, "Semeni, Semeni jamani," kwa sauti za kubembeleza. Kwa kuwa mashine ya Mzee Masele nayo ilikuwa imezimika, alitusikia. Kichwa chake kikatokeza juu ya ukuta, nyusi zimejaa unga.

"Mama Abel, mnamwita kama mnamwombea. Marehemu hakumwita hivyo."

"Alimwitaje, Baba Dorah?"

"Alimwita huku ananitukana mimi," akasema. "Ninyi hamna hasira humo ndani. Mbwa hawezi kuijua hiyo sauti."

Mama akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi mwite wewe. Hiyo sauti umeisikia miaka tisa."

Baba, Mzee Masele alitutazama, akamtazama mbwa ambaye mbavu zilikuwa zinahesabika. Kisha akazunguka, akapita getini, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia uani kwetu tangu umpe mbwa jina, ukiondoa msiba. Akachukua kopo mikononi mwa Martina. Akasimama palepale ulipokuwa unasimama wewe, akatupa mgongo, akaielekea nyumba yake mwenyewe, akajitukana kwa sauti yote aliyopewa na Mungu:

"Semeeeni! Semeni mpaka mchoke!"

Sikio moja likasimama. Akarudia. Semeni akainuka, miguu inatetemeka, akaenda akaweka pua kwenye kopo, akalamba. Akalamba tena. Akalamba mpaka kopo likaanza kukimbia uani naye analifuata, na Mama anapiga vigelegele kama tumepata mkwe.

Mzee Masele hakugeuka. Alibaki anaangalia nyumba yake, machozi yanachora mistari kwenye unga usoni. "Nilisema sana, Baba Abel," akasema, na hakuwa anaongea na sisi.

Tangu siku hiyo, kila saa kumi anazima mashine, anakuja, anaitangazia nyumba yake aibu yake, mbwa anakula. Mke wake amezoea. Wateja wenye madebe ya mahindi wanangoja. Semeni sasa ana mwaka wa kumi na ameanza kunenepa, kwa sababu tunashuku Mzee Masele anampa kopo la pili kwa siri, jambo ambalo mlango wa friza umelikataza. Hatumsemi.

Ibada ya kumbukumbu itakuwa nyumbani Kakola Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Mchungaji ameshaombwa aseme "Tamkeni."

Unakumbukwa na mkeo Scolastika, ambaye amekununulia koti la kaki na kulitundika pale pale kwenye kamba. Wanao Abel, Loveness na Martina. Dada yako Sesilia, anayesisitiza mpaka leo kwamba ulitaka tuseme, na ambaye huenda hakukosea sana, maana tangu mchana ule hatufichani kitu. Bwana mifugo Ignas. Na Semeni, aliyelala miguuni pangu ninapoandika.

Nilipomsomea Mzee Masele karatasi hii aliomba na yeye awemo. Nikamuuliza niandike nini. Akamkuna mbwa shingoni.

"Mwandikie hivi," akasema. "Baba Abel, nimechoka."

Daima tutakukumbuka, Baba, na ikifika saa kumi mtaa mzima utasikia.